Baada ya arobaini

Haya ni maneno niliyowaambia kina mama wa mtaa wetu hapa Chanika, Jumamosi mchana, chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa. Walioshindwa kufika wameyaomba, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa kadiri ninavyokumbuka.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mama mjumbe, kina mama wenzangu, na kina baba wachache mliojikaza mkaja, asanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie malezi. Naomba mniruhusu nimzungumzie mlezi.

Sote tunajua mtoto akizaliwa kwetu inakuwaje. Mzazi hashiki ndoo. Mama yake au mama mkwe anahamia, anamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anamfunga tumbo kwa kanga, anampikia mtori na uji wa pilipili manga. Majirani wanaingia na sabuni, unga wa lishe, nguo za mtoto. Mzazi akilia usiku, kuna mtu amelala naye chumba kimoja anamsikia. Mambo haya waliyapanga bibi zetu, na mimi nayaheshimu kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Kisha arobaini inafika. Mtoto ananyolewa, anatolewa nje, watu wanakula pilau, na jioni hiyo hiyo bibi anafunga begi lake.

Hospitali nako ni hivyo hivyo. Mama aliyejifungua ana mahudhurio yake: ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28, siku ya 42. Baada ya hapo mizani ni ya mtoto. Utamrudisha kila mwezi, ataning'inizwa pale, ataandikiwa uzito kwenye kadi mpaka afikishe miaka 5. Wewe uliyembeba mgongoni kumfikisha, hakuna anayekuuliza umepungua kilo ngapi.

Kwa hiyo mila inakuaga siku ya 40, hospitali inakuaga siku ya 42. Mimi leo nimekuja kumsemea mwanamke wa siku ya 43, wa siku ya 400, na wa mwaka wa 6.

Nianze na mimi mwenyewe.

Kabla sijaolewa nilikuwa naweka hesabu katika duka la vitambaa Kariakoo, mtaa wa Congo. Haikuwa kazi kubwa. Nina cheti cha uhasibu, basi. Lakini kulikuwa na kitu nilichokipenda mno, na sijapata kukisema mbele za watu. Saa kumi na moja jioni mlango wa chuma umeshushwa nusu, najumlisha mauzo, nahesabu fedha iliyomo kwenye droo, na hesabu inafunga. Unapiga mistari miwili kwa kalamu nyekundu, unafunika daftari, unakwenda kwenu. Siku imeisha na ushahidi upo.

Tulipooana tulipanga Buguruni, chumba na sebule, uani tupo wapangaji sita, choo kimoja, bomba moja, ugomvi wa zamu ya usafi kila wiki. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa pale. Nikichoka, jirani alikuwa anampokea bila kuombwa, anamfunga mgongoni huku anasonga ugali wake. Sikujua kwamba ile ilikuwa mali. Niliona ni kero tu, nikawa naota siku ya kuondoka.

Mume wangu akapata kiwanja huku, akajenga miaka minne, tofali moja moja. Siku tuliyohamia walipiga vigelegele: umehamia kwako! Na kweli ni nyumba nzuri, ina nondo madirishani, ina ukuta na geti. Nilikuwa na mimba ya pili. Nikaacha kazi, maana ukipiga hesabu ya foleni ya Gongo la Mboto, nauli ya kwenda na kurudi, na mshahara wa dada wa kazi, mshahara wangu wote ulikuwa unaishia njiani. Tulikubaliana wote wawili. Hakuna aliyenilazimisha, nataka hilo lieleweke.

Mume wangu alikuwa anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu, saa nne usiku, hoi. Yumo humu, amekaa pale nyuma, na sitamsema vibaya kwa sababu alikuwa anatutafutia. Lakini toka geti linapofungwa alfajiri mpaka linapofunguliwa usiku, mtu mzima pekee niliyekuwa nazungumza naye ni kijana wa madumu ya maji. Majirani wa huku wakati ule walikuwa misingi na mapagale.

Watu wengi wanadhani mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hulia. Mimi nilikauka.

Nakumbuka siku moja, mtoto wa pili alikuwa na miezi saba. Nilimkalisha kwenye beseni la bluu nimwogeshe. Maji nilishayachanganya, nilishayapima kwa kiwiko. Nikashika kopo, na mkono ukagoma. Ninamwona mtoto anapigapiga maji, ananiangalia, anacheka, ana vijino viwili vya chini, na mimi nimechuchumaa na kopo mkononi siwezi kuliinua. Mkono hauumi. Nilikuwa sioni kwa nini niuinue. Nilimtazama yule mtoto kama mtoto wa watu niliyeachiwa nimwangalie, na wenyewe wamechelewa kuja kumchukua. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilizinduka alipoanza kutetemeka, maji yamepoa, midomo imebadilika rangi. Nikamfunga kanga, nikamkumbatia kifuani mpaka akapata joto, na nikamwomba msamaha mtoto wa miezi saba.

Siku ile nilijiambia: mimi ni mama mbaya. Nilitembea na jina hilo miezi mingi kabla mtu mwingine hajanipa jina la kweli.

Zahanati nilikwenda mara tatu. Nilisema kichwa, nilisema mwili hauna nguvu, nilisema usiku moyo unakwenda mbio. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima taifodi, wakapima mkojo. Nikarudi na panadol na vidonge vya kuongeza damu. Siwalaumu sana, niliwapa nilichojua kukisema. Wanawake wa hapa hatuingii kwa daktari na kusema tuna huzuni. Tunasema mgongo, tunasema kichwa kizito, tukijitahidi sana tunasema tuna mawazo. Mwili ndio ulioruhusiwa kuumwa.

Na nyumbani? Mama mkwe aliniambia nizidishe sala. Nilizizidisha, na mpaka leo nasali. Mwingine akasema ni jini, twende tukatazamie. Lakini neno lililonichoma kuliko yote lilitoka kwa rafiki yangu wa karibu, na alilisema kwa mapenzi kabisa: "Una mume, una watoto wazima, una nyumba yako. Unataka nini tena?"

Kina mama, swali hilo limewanyamazisha wangapi? Ukishaulizwa hivyo, kila jibu linakuwa kufuru. Nikisema nimechoka, sina shukrani. Nikisema natamani kazi yangu, simpendi mume. Nikisema kuna asubuhi natamani kutoka na kutembea tu mpaka Pugu bila mtoto mgongoni, basi mimi ni mwanamke wa hatari. Mwanaume mwenye mke, watoto na nyumba, akiamka alfajiri kwenda kutafuta zaidi, tunamwita mpambanaji. Hatumuulizi anataka nini tena.

Leo nitamjibu rafiki yangu, ijapokuwa nimechelewa. Nilikuwa nataka kufunga hesabu. Nilikuwa nataka jambo moja katika siku yangu linalokwisha likabaki limekwisha. Sahani ukiiosha inachafuka, mtoto ukimlisha ana njaa tena, uwanja ukiufagia mwembarobaini unamwaga majani kabla hujarudisha ufagio. Ninawapenda watoto wangu, Mungu anajua, na nilikuwa nataka kitu chenye jina langu. Yote mawili yalikaa katika kifua kimoja, na yanakaa hadi leo.

Aliyeniokoa ni muuguzi. Kliniki, siku ya kumpima mtoto, foleni ndefu, jua kali. Alimshusha mtoto kwenye mizani, akaandika uzito, lakini kadi hakunipa. Akaishikilia, akaniangalia usoni, akasema, "Na wewe mama, unalala?"

Maneno manne. Nilijibu "nalala" huku machozi yananitoka. Akanitoa kwenye foleni, akanikalisha kwenye benchi la chumba cha chanjo, akaniuliza maswali mawili ambayo nataka mwondoke nayo leo. Wiki mbili hizi zilizopita, je, siku nyingi umekuwa huna hamu wala furaha na mambo uliyoyapenda? Na je, siku nyingi umejisikia mnyonge, mzito moyoni, huoni matumaini? Mtu akijibu ndiyo, hata kwa swali moja, anahitaji kuonana na mtaalamu. Maswali haya si ya kubahatisha, ndiyo wanayoanzia nayo madaktari katika nchi nyingi.

Akaniandikia niende hospitali ya Amana, kwenye kliniki ya afya ya akili. Nilikaa wiki nzima sijaenda, kwa aibu. Nilidhani kule ni kwa watu wanaookota makopo. Nilipofika nikakuta kina mama kama mimi, wamevaa madera yao, wana mikoba, wana watoto.

Niwaambie niliyojifunza, kwa ufupi.

Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi sana, na kwa kawaida ndani ya wiki mbili yamepita. Yakipita wiki mbili, au uzito huo ukianza hata mwezi wa nne au wa nane, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya mwanamke 1 katika kila 10 wenye mimba au waliojifungua karibuni huwa nayo. Tazameni tulivyojaa hapa chini ya mwembe, mpige hesabu wenyewe. Na haiwapati wazazi wapya peke yao. Mama wa watoto wakubwa, mama aliyefiwa, anayepigwa, anayeishi na deni, wote iko karibu nao.

Wapo wanaopona kwa kuzungumza na mshauri, wapo wanaohitaji dawa, wapo wanaohitaji vyote viwili. Mimi nilipewa vyote. Dawa zake hazifanyi kazi usiku mmoja, huchukua wiki mbili hadi nne ndipo uanze kuona tofauti, na wengi wetu huzitupa wiki ya kwanza tukisema hazifai. Usizitupe, na ukipata nafuu usiache ghafla bila daktari kujua. Zipo ambazo hata anayenyonyesha hupewa. Mwachie daktari achague.

Na jambo hili nalisema polepole. Ukimsikia mama anasema "bora nisingekuwepo", au "watoto wangekuwa salama bila mimi", usimkemee kwamba anamkufuru Mungu. Kaa naye. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo: Amana, Mwananyamala, Temeke, Muhimbili, popote palipo karibu. Vilevile mzazi anayesikia sauti, ambaye hajalala siku tatu na wala hachoki, anayesema mtoto amebadilishwa, huyo ni wa hospitali leo, si wa kusubiri Ijumaa wala Jumapili.

Sasa nirudi nyumbani, maana dawa zilinipa nguvu ya kuinua kopo, lakini geti lilikuwa bado limefungwa.

Zamani ukiniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa najibu kama tunavyojibu wengi wetu: "Niko tu nyumbani." Niko tu! Usiku mmoja usingizi uligoma, nikachukua daftari la mtoto la kuchorea, nikalipiga mistari kama leja, na kwa wiki nzima nikaandika kila kitu kwa saa yake. Saa kumi na nusu alfajiri, kuwasha mkaa. Maji: ndoo 14 kutoka kwenye simtanki la nje. Nepi 9. Kupika mara tatu, kuosha vyombo mara tano, kumpeleka mkubwa shule na kumfuata, kunyonyesha mara tatu usiku. Jumapili jioni nikajumlisha: saa 107. Nikapiga mistari miwili nyekundu chini yake. Hesabu ilifunga, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

Mume wangu aliliona lile daftari usiku, umeme wa Luku umekwisha, akalisoma kwa tochi ya simu. Alilisoma mara mbili. Akasema, "Mbona hukuwahi kuniambia?" Nikamwambia, "Kila usiku huwa unaniuliza nimeshinda nafanya nini. Hukuwahi kungoja jibu." Hatukusemeshana siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa Jumatano, alfajiri, nikasikia ndoo uani. Alikuwa anateka maji kabla ya kuondoka.

Kuna ambao wataniambia haya ni mambo ya kizungu. Hapana. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilisema kazi ya mke nyumbani inahesabika kuwa mchango katika kuipata mali ya ndoa. Zaidi ya miaka 40 majaji wetu wamekwisha kuifuta ile "tu", na sisi wenyewe bado tunaitamka. Nendeni mkashuke mjini mwone barabara ya Bibi Titi. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alikuwa mwanamke wa hapa hapa Dar es Salaam, mke wa mtu, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipowaita wanawake waingie TANU, chama kilichopigania uhuru, aliwapata kwenye ngoma zao na shughuli zao, wanawake waliokuwa "tu nyumbani" kama sisi, na walitoka kwa wingi hata wanaume wakashangaa. Hamu ya kutaka zaidi tumeirithi kwa bibi zetu, pamoja na uji wa pilipili manga.

Bibi zangu mlioketi mbele, neno hili ni lenu. Kule Harare, Zimbabwe, kuna daktari wa afya ya akili anaitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2006 alikuwa na wagonjwa wengi na hana wataalamu, akawafundisha mabibi 14 wa mtaa wa Mbare kusikiliza watu na kuwasaidia kulipangua tatizo moja baada ya jingine. Wakawa wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, mgonjwa anakuja, anakaa, wanazungumza. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo "mawazo" yetu haya haya? Walipopima kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliokaa na mabibi wale walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hata Zanzibar mpango huo umefika. Bibi zangu, benchi mnayo, masikio mnayo, na mmeona mengi. Mafunzo tutayatafuta. Ninachowaomba kwa sasa ni kimoja: mkienda kumwona mzazi, mkishamshika mtoto na kusema amefanana na babu yake, muulizeni na mama analala vipi. Na mrudi mwezi wa tatu, na wa sita, hata kama hakuna pilau.

Kina baba, sheria ya ajira ya 2004 inawapa mlioajiriwa siku 3 za likizo mke akijifungua. Ni chache, najua. Mama aliyeajiriwa ana siku 84. Muuza vitumbua hana hata moja. Lakini hakuna sheria inayokukataza kuteka ndoo sita kabla ya kupanda daladala, wala inayokukataza kukaa na watoto Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, mkeo aende anakotaka bila kutoa maelezo ya kila dakika. Na ukimuuliza ameshindaje, ngoja jibu.

Mimi sijapona kama mtu anavyopona malaria. Kuna wiki ule ukavu unarudi, naujua hatua zake, natoka nje ya geti kabla haujanikuta. Kazini Kariakoo sijarudi, pengine sitarudi, na bado napatamani, sitawadanganya. Lakini mapagale yale yamekuwa nyumba, nyumba zina wanawake, na wanawake 22 tumeanzisha mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, mshika daftari ni mimi. Kila Jumamosi saa kumi na moja napiga mistari miwili nyekundu.

Nimemwona mama pale kwenye uzio, toka nimeanza umesimama na mtoto mgongoni, hutaki kuingia. Sitakuita kwa jina. Mwenyekiti akifunga mkutano mimi nitabaki hapa chini ya mwembe mpaka magharibi. Mkeka upo, chai ipo kwenye chupa. Mwenye la kusema atasema, na mtoto tutampokea. Asiye na la kusema aje akae tu.